Uwanja wa ndege Pemba: Mkulima apakie nini?

Kwa wakaazi wa Gombani na mji wa Chake Chake, mlio wa ndege ndogo ikishuka ni jambo la kila siku. Uwanja wa Ndege wa Pemba, unaojulikana pia kwa jina la Karume, uko kilomita chache tu kutoka mjini, na kwa ndege safari ya Unguja ni kiasi cha nusu saa. Pamoja na ukaribu huo, gunia la karafuu la mkulima wa Pemba huondoka kisiwani kwa njia ya bahari. Kwa nini?

Jibu tulianzie kwenye historia. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi zaidi Zanzibar, na biashara hiyo ilijengwa juu ya bandari: Wete, Mkoani na Chake Chake. Uwanja wa ndege ulikuja baadaye, na ulitengenezwa kwa ajili ya kusafirisha watu.

Vifaa vyake vinaonesha hivyo. Kwa miaka mingi njia ya kurukia ilikuwa na urefu wa karibu mita 1,500. Hizo zinatosha ndege kama Cessna Caravan, lakini Boeing 737 iliyojaa huhitaji kiasi cha mita 2,000 au zaidi. Caravan hubeba abiria 12 hivi. Ikitolewa viti, huchukua takribani tani moja, yaani magunia 20 ya kilo 50. Ikiwa na abiria, nafasi ya mzigo ni finyu sana, ndiyo maana kwenye ndege hizo msafiri huruhusiwa kilo 15 tu.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba nauli ya mzigo ni shilingi 2,000 kwa kilo. Katikati ya miaka ya 2010 Shirika la ZSTC lilinunua karafuu za daraja la juu kwa shilingi 14,000 kwa kilo. Nauli hiyo ingekula sehemu moja kati ya saba ya bei, na bila faida yoyote, kwa kuwa karafuu iliyokauka vizuri haiozi ikingoja meli. Kwa ndizi ya shilingi 1,000 kwa kilo, nauli ingekuwa mara mbili ya bei. Hapo mkulima amefanya biashara ya kumtajirisha mwenye ndege.

Zipo bidhaa ambazo hesabu yake ni tofauti. Vanila iliyokaushwa ni nyepesi, na kilo yake kwa kawaida huuzwa mara kadhaa ya bei ya karafuu. Pweza na samaki wabichi hushuka thamani kila saa inayopita, na mahoteli hulipa zaidi kwa kilichofika kikiwa kibichi. Kanuni ni hii: ndege ni kwa kitu chepesi chenye bei kubwa, au kinachoharibika upesi ambacho mnunuzi wake yupo tayari anakisubiri.

Jambo hili lina uzito sasa kwa sababu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, chini ya Rais Hussein Mwinyi aliyeingia madarakani mwaka 2020, ilitangaza mradi wa kuurefusha uwanja huo hadi kilomita 2.5 hivi na kuujengea jengo jipya la abiria. Msimamizi wa uwanja ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Hata hivyo, lami ndefu peke yake haisafirishi pweza. Panahitajika chumba cha baridi, mizani, mahali pa kufungashia na mkaguzi wa afya ya mazao. Zaidi ya hayo, panahitajika mzigo wa uhakika. Hakuna kampuni itakayoleta ndege kubwa kwa ajili ya kilo 80 za leo na kilo 30 za wiki ijayo. Vikosekana hivyo, uwanja mpya utawashusha wageni na vyakula vyao, na ndege zitarudi na mabuti matupu.

Kwa hiyo vikundi vya wakulima na wavuvi vianze mapema: vikusanye bidhaa pamoja, viandike kiasi kinachopatikana kila wiki, na vitafute mnunuzi kabla ya kutafuta ndege.

Na kwa wanaopeleka mzigo mbali, tahadhari moja. Msumbiji nako kuna mji wa Pemba wenye uwanja wa ndege. Alama ya uwanja wetu ni PMA na ya ule ni POL. Hakikisha herufi hizo tatu kwenye karatasi za mzigo kabla hujatia saini, maana pweza akienda Msumbiji harudi akiwa mbichi.