Feni yenye akili: mnunuzi wa Arusha aulize mwinuko

BAADHI ya mitambo ya kijeshi hupozwa kwa feni zinazoongozwa na kipima joto: joto likipanda huongeza kasi, likishuka hupunguza, na feni ikianza kuchoka hutoa onyo. Utaratibu huo sasa umo hata katika kompyuta za dukani.

Faida yake ni fedha. Kwa hesabu za kihandisi, feni ikipunguzwa kasi kwa nusu hula moja ya nane tu ya umeme, tena huvuta vumbi kidogo.

Lakini Arusha, chini ya Mlima Meru, iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Nguvu ya kupoza hupungua. Asiyeuliza chombo kimepimwa kwa mwinuko gani huenda akanunua mara mbili.