Kesi Ilikwisha, Lakini Fomu ya Viza Bado Inauliza

Juzi tulitembelea kikundi kimoja tukakuta wanachama wamegawanyika. Walikuwa wamechanga pesa za kumsaidia kijana wao aliyepata nafasi ya chuo huko Marekani. Miaka michache nyuma, kijana huyo alishikwa na polisi kwa kupigana sokoni. Korti ilimwona ana makosa, lakini ikamwachilia kwa sharti kwamba asirudie kosa kwa muda wa miezi 12, kama Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinavyoruhusu. Mwaka ukapita salama. Alipokwenda kupigwa alama za vidole, cheti chake cha tabia njema kilitoka safi. Basi wazee wakamwambia, "Kijana, hayo yalikwisha. Andika huna kesi."

Nia yao ilikuwa njema, lakini hapo ndipo wengi huanguka.

Fomu ya viza ya Marekani haiulizi kama cheti chako ni safi. Inauliza kama umewahi kushikwa au kupatikana na hatia kwa kosa lolote, hata kama ulisamehewa. Angalieni hilo neno kushikwa. Hata yule aliyeshinda kesi, si alishikwa kwanza? Kwa hivyo jibu la kijana huyu ni "Ndiyo", kisha aeleze kwa ufupi: mwaka gani, kosa gani, korti iliamua nini. Uingereza nako, tangu 2012, hukumu ambazo kwa sheria yao zimepitwa na wakati bado huangaliwa mtu anapoomba viza.

Je, ukisema kweli utanyimwa? Si lazima. Ugomvi mdogo wa mara moja, mara nyingi peke yake haumzuii mtu. Uongo ndio mbaya. Ukigunduliwa, Marekani inaweza kukufungia mlango maisha, Uingereza miaka 10, Kanada miaka 5. Na ile ada ya viza mliyochanga hairudishwi.

Sasa afanye nini? Aende kwa karani wa korti iliyosikiza kesi, akiwa na nambari ya kesi, aombe nakala za shtaka na uamuzi zilizopigwa muhuri. Faili za zamani huchukua muda kutafutwa, kwa hivyo aanze mapema, kabla ya kupanga siku ya mahojiano. Siku hiyo abebe nakala zote, hata kama hataulizwa. Naye mweka hazina asitoe pesa za tikiti mpaka viza ionekane kwa macho.

Nambari ya kesi kijana alikuwa ameisahau kabisa. Mama yake alikuwa ameweka risiti ya dhamana ndani ya sanduku la nguo, na nambari ilikuwa imeandikwa hapo.