Kemshafti ya mbio katika gari la kila siku: Nini cha kupima kabla ya kununua?

Katika barabara za Kampala, Subaru Impreza yenye turbo hutambulika kwa sauti kabla haijaonekana. Ni gari lililompa Colin McRae ubingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1995, na miaka miwili baadaye dereva huyo akalitumia kushinda Safari Rally nchini Kenya. Magari ya jina hilohilo, yaliyoingizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, leo hupeleka watoto shuleni, hukwama kwenye foleni na kubeba mizigo ya sokoni. Baadhi ya wamiliki wake hutamani kuyaongezea nguvu, na miongoni mwa spea wanazozifikiria ni kemshafti.

Uamuzi huo unahitaji kutafakariwa. Kemshafti isiyolingana na matumizi ya gari huweza kuongeza ulaji wa petroli, kulifanya gari lisite kwenye foleni na hata kupunguza msaada wa breki. Kosa moja wakati wa kuifunga laweza kuiangamiza injini nzima.

Kazi ya kemshafti

Kemshafti ni mhimili wa chuma wenye nundu. Nundu inapogeuka huisukuma valvu ikafunguka, nayo springi huirudisha mahali pake nundu inapopita. Valvu za upande mmoja huingiza hewa katika silinda, za upande wa pili hutoa moshi. Mhimili huo huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili.

Injini ya EJ20, iliyotumika katika Impreza nyingi za turbo, ina silinda 4 zilizolala, mbili kila upande, na ujazo wa cc 1,994. Matoleo hayo ya turbo yana kemshafti 4, zote zikiendeshwa na mkanda mmoja. Kwa hiyo anayekwenda kununua ajue kwamba hanunui mhimili mmoja, bali seti ya miwili au minne, na gharama hupanda kwa kiasi hichohicho.

Vipimo vitatu

Kipimo cha kwanza ni mwinuko, yaani umbali ambao valvu husukumwa inapofunguka, na huandikwa kwa milimita. Cha pili ni muda wa kufunguka, unaopimwa kwa nyuzi za mzunguko wa krenki. Cha tatu ni pembe iliyopo kati ya kilele cha nundu ya kuingiza hewa na kilele cha nundu ya kutoa moshi. Pembe hiyo, pamoja na muda, ndiyo huamua ni kwa kiasi gani valvu za pande zote mbili hubaki wazi kwa pamoja.

Muda ndio unaobadilisha zaidi tabia ya gari. Chukua kemshafti inayoiacha valvu wazi kwa nyuzi 240. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, valvu hiyo hukaa wazi kwa sehemu 1 kati ya 20 ya sekunde. Ikizunguka mara 6,000, husalia sehemu 1 kati ya 150 tu. Hewa inayopaswa kuijaza silinda haina nafasi ya kutosha, na ndiyo maana watengenezaji wa kemshafti za mbio huongeza muda.

Nyongeza hiyo ina bei yake. Valvu ya kuingiza hewa huchelewa kufunga, hata pistoni ikawa imekwisha kuanza kupanda. Katika mzunguko wa kasi, hewa huwa na msukumo wa kuendelea kuingia. Katika mzunguko mdogo haina msukumo huo, hivyo pistoni huirudisha ilikotoka. Nguvu inayopatikana juu hulipiwa na nguvu inayopotea chini.

Valvu zikikaa wazi pamoja kwa muda mrefu, moshi nao hurudi kuchanganyika na hewa mpya gari linapounguruma likiwa limesimama. Mngurumo wa kukatikakatika unaowavutia vijana wengi hutokana na hali hiyo. Pamoja nao huja harufu ya petroli isiyoungua, na mvuto wa hewa katika njia ya kuingilia injini hupungua. Kwa kuwa kifaa kinachomsaidia dereva kukanyaga breki hutegemea mvuto huo, pedali huweza kuwa nzito dereva akikanyaga mara kwa mara kwenye foleni ya mteremko.

Turbo na nyanda za juu

Injini yenye turbo haichaguliwi kemshafti kwa kanuni ileile ya injini isiyo nayo. Katika injini ya kawaida, moshi unaotoka kwa kasi huweza kusaidia kuvuta hewa mpya. Katika injini ya turbo, moshi huzuiwa na gurudumu la turbo, na mara nyingi kanieneo yake huzidi ile ya hewa inayoingia. Valvu zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, moshi hurudi nyuma. Kwa sababu hiyo, kemshafti iliyotengenezwa kwa injini isiyo na turbo haifai kuhamishiwa kwenye injini yenye turbo kwa kuwa tu inaingia mahali pake.

Mwinuko wa nchi nao una neno. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni karibu asilimia 87 ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Kigali, iliyo juu zaidi, hewa yake ni nyepesi zaidi. Turbo ikishaamka hufidia sehemu kubwa ya pengo hilo, lakini kabla haijaamka injini huvuta hewa hiyo nyepesi yenyewe. EJ20 ya turbo ina uwiano wa mgandamizo ulio karibu na 8 kwa 1, mdogo kuliko wa injini nyingi zisizo na turbo, hivyo huwa dhaifu katika mzunguko wa chini tangu mwanzo. Kuifungia kemshafti ndefu ni kuuongeza udhaifu huo mahali ambapo dereva wa jijini hutumia muda wake mwingi: kuondoka kwenye taa, kupanda kilima kwa gia ya pili, kufuata foleni hatua kwa hatua.

Ipi ichaguliwe?

Kemshafti za Kijapani za aina hii huuzwa kwa alama kama 256, 264 au 272, zikimaanisha nyuzi za muda. Kwa gari la kila siku lenye turbo ya kiasi, busara huelekeza kwenye namba ndogo. Zile ndefu hupata maana gari linapokuwa na turbo kubwa na linapotumika zaidi katika mizunguko ya juu, kama ilivyo mashindanoni.

Tahadhari moja: namba za watengenezaji wawili haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Wengine huanza kuhesabu valvu inapoinuka kidogo sana, wengine inapofikia milimita 1, na Wamarekani wamezoea milimita 1.27. Nundu moja huweza kupewa namba kubwa au ndogo kulingana na mahali kipimo kilipoanzia. Mnunuzi aulize kipimo kilichukuliwa wapi, na kama kemshafti hiyo ni ya toleo la injini aliyonayo. Matoleo ya baadaye yana mfumo unaosogeza kemshafti ya kuingiza hewa injini ikiwa inafanya kazi, nayo yanahitaji kemshafti zake mahususi.

Kazi ya kufunga

Mwinuko ukiongezeka, springi za kiwandani huenda zisitoshe kuirudisha valvu kwa wakati, hivyo hubadilishwa pamoja na kemshafti. Katika injini zisizo na marekebisho ya mafuta, nafasi kati ya nundu na valvu hupimwa upya, valvu moja baada ya nyingine. Mafundi wengi huona ni rahisi zaidi kuishusha injini kuliko kufanya kazi hiyo ikiwa ndani ya gari.

Alama za mkanda zinahitaji umakini wa pekee. Katika injini hii, mkanda ukiruka meno au ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Gari ambalo historia ya mkanda wake haijulikani lifungiwe mkanda mpya, na roli zake zikaguliwe, kwa kuwa kazi ya kufungua imekwisha kulipiwa.

Mwisho, kompyuta ya injini hupangwa upya na fundi mwenye vifaa vya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli. Turbo ikisukuma hewa nyingi na petroli ikawa pungufu, mlipuko ndani ya silinda hutokea ovyo na pistoni hupasuka. Bajeti isiyo na fedha ya hatua hii haijatosha kununua kemshafti.

Cha kutanguliza

Kwa mwenye fedha kidogo, utaratibu wenye faida huanza kwingine. Breki, matairi, mfumo wa kupoza maji na mkanda wa injini viwe vizima kwanza. Kisha ekzosi isiyoizuia turbo na upangaji mpya wa kompyuta huleta nguvu inayohisika bila kuifungua injini. Kemshafti hufuata baadaye, pale turbo kubwa zaidi inapokuwa imefungwa na injini ikashindwa kupumua kwa kasi inayotakiwa.

Swali la kumuuliza fundi, basi, lisihusu kemshafti ipi ina nguvu zaidi. Aulizwe ni katika mizunguko mingapi kwa dakika nguvu hiyo hutokea, na mmiliki ajiulize ni mara ngapi katika wiki gari lake hufika huko.