Je, Wajua? Jicho linalotiririka machozi linaweza kuwa jicho kavu

Huko Koni, upande wa mji wa Likasi, kuanzia Mei hadi Septemba mvua hukatika karibu kabisa na vumbi hutawala. Mzee aliyetoka kupasuliwa mtoto wa jicho huuhisi ukavu huo haraka: macho yanawasha kama yana mchanga, kisha yanachuruzika.

Sababu iko kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho, chenye neva nyingi mno. Kisu kinapopita, baadhi ya neva hizo hukatwa. Jicho linapungukiwa hisia, linapepesa mara chache, na taarifa ya kuomba machozi haifiki vizuri. Dawa za matone zenye kemikali ya kuzuia vijidudu nazo huweza kukera konea. Machozi yanayobubujika ni ya dharura tu: mengi, mepesi, hayakai juu ya jicho.

Kwa wengi hali hupungua ndani ya miezi 3 hivi, neva zinapoota upya. Machozi ya bandia kutoka famasi husaidia, na miwani huzuia upepo. Usiache matone ya daktari kwa sababu yanawasha, mwambie, atayabadilisha. Tafadhali usitie dawa ya majani wala maziwa. Na maumivu makali, wekundu unaozidi au kuona kunakofifia si ukavu: rudi hospitali siku hiyohiyo.