Kabla ya kujiunga, uliza funguo ziko kwa nani

ANAYEIFAHAMU VICOBA analijua sanduku lake. Lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, ili asiwepo hata mmoja wa kulifungua peke yake. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa nchini Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hufuata utaratibu huo huo.

Wazo hilo ndilo linalouzwa leo kwa vijana wanaoalikwa kwenye mitandao ya kijamii ya blokicheni. Blokicheni ni daftari ambalo nakala zake hutunzwa kwenye kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, hivyo si rahisi mtu kufuta ukurasa kimya kimya. Ahadi yake ni kwamba jumuiya mnayoijenga humo itakuwa mali yenu, si mali ya kampuni.

Je, ahadi hiyo ni ya kweli? Jibu lilipatikana mwaka 2020.

Steemit ulianza mwaka 2016 nchini Marekani, ukiasisiwa na Ned Scott na Dan Larimer. Mtu akiandika makala, wasomaji huipigia kura, na baada ya siku saba mwandishi hulipwa kwa sarafu ya kidijitali iitwayo Steem. Daftari lenyewe huendeshwa na waendeshaji wakuu 20 wanaoitwa mashahidi, ambao huchaguliwa kwa kura. Lakini kura hizo hazihesabiwi kwa vichwa. Mwenye sarafu nyingi ana kura nzito.

Hapo ndipo penye tatizo. Tangu mwanzo kampuni ya Steemit ilikuwa na fungu kubwa la sarafu, ambalo watumiaji waliamini halitatumika kupiga kura. Februari 2020 kampuni hiyo ikanunuliwa na Justin Sun, mwasisi wa Tron. Mashahidi wakaingiwa na hofu, wakabadili programu na kulifungia fungu hilo kwa muda.

Jibu lilikuja Machi 2. Masoko matatu makubwa ya sarafu za kidijitali, yaani Binance, Huobi na Poloniex, yalipiga kura kwa kutumia sarafu ambazo wateja walikuwa wameziweka huko. Wateja hawakuulizwa. Kwa siku moja mashahidi wote 20 wa juu waling'olewa na wengine wakawekwa. Binance na Huobi baadaye ziliondoa kura zao, lakini watu walikuwa wamekwisha kuona. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu kweli, ila mtu mmoja angeweza kuzinunua funguo zote.

Wanajumuiya hawakubaki kulalamika. Machi 20, 2020 walinakili daftari lote, wakaanza upya kwa jina la Hive. Makala, majina ya akaunti na akiba vilihama navyo. Aliyekuwa na Steem 100 alijikuta na Hive 100. Fungu la kampuni halikuhamishwa, wala la baadhi ya akaunti zilizoonekana kumuunga mkono Sun, jambo lililozua ubishi hata miongoni mwao. Mei mwaka huo upande wa Steem nao ulichukua sarafu zaidi ya milioni 23 kutoka akaunti za watu kadhaa.

Kwa hiyo teknolojia peke yake haikumlinda mtu. Kilichoiokoa jumuiya ni kwamba watu walikuwa wanajuana, wanaaminiana, na waliweza kukubaliana kuhama pamoja.

Mgeni na jembe

Anayejiunga leo na Hive hupewa funguo kadhaa za siri badala ya nywila moja. Ufunguo wa kuchapisha ni wa kila siku. Wa fedha ni wa kuhamisha sarafu. Wa umiliki ndio mkuu, na haufai kuingizwa ovyo kwenye kila programu. Ukiupoteza, hakuna ofisi ya kupiga simu wala meneja wa kukuonea huruma. Uandike kwenye karatasi, uuhifadhi panapo hati zako muhimu.

La pili ni mwenendo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wengi huingia wakidai mavuno siku ya kwanza, wakaondoka baada ya mwezi. Wanaodumu huanza kwa kusoma na kuchangia maoni yenye maana. Mfumo wenyewe unalitambua hilo, kwani nusu ya malipo ya makala huenda kwa waliyoipigia kura.

Kuanzisha jumuiya ni kazi rahisi na ada yake ni sarafu chache tu. Mnachagua kama kila mtu ataruhusiwa kuchapisha au wanachama pekee, kisha mnateua wasimamizi. Msimamizi anaweza kuficha chapisho baya, lakini hawezi kulifuta kwenye daftari. Ndiyo maana picha ya mtoto, namba ya simu au siri ya jirani isiwekwe humo kabisa.

Mipaka bado ipo

Jumuiya ya Kiswahili inaweza kuwaunganisha mwandishi wa Bujumbura, msomaji wa Mombasa na mchoraji wa Mwanza bila viza. Fedha ndizo zinazokumbana na mipaka. Benki Kuu ya Tanzania ilitahadharisha dhidi ya sarafu hizi Novemba 2019, na tangu 2024 sheria ya nchi hiyo inatoza kodi ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Burundi ilizipiga marufuku mwaka 2019. Uganda mwaka 2022 ilizuia kampuni za malipo kuzibadilisha kuwa fedha za simu, na Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma hizo mwaka 2025. Bei yake nayo hupanda na kushuka, hivyo karo ya mtoto isitegemee kura za makala.

Kabla ya kujiunga, basi, usiulize kwanza utalipwa kiasi gani. Uliza ni nani mwenye kura nyingi, na ufunguo wako utaulaza wapi. Kisha angalia walio pembeni yako: siku nyumba ikiuzwa, ni wangapi watahama nawe?