Injini Mpya, Gari la Baba: Desturi ya Mafundi wa Hamugembe

Kwa Wahaya wa Bukoba na Muleba, kilichoachwa na mzazi hakitupwi. Kibanja hurithiwa pamoja na migomba yake, mibuni yake na makaburi ya wazee waliolala humo. Nyumba hukarabatiwa, miti hupandwa upya, lakini mahali hapabadiliki. Kwa muda mrefu sasa gari nalo limeingia katika mali za namna hiyo. Ndiyo maana katika gereji za Hamugembe, kata ya Manispaa ya Bukoba, haishangazi kuikuta Land Rover 109 ya miaka ya sabini imevuliwa boneti, na kando yake injini ya dizeli ya Toyota imekalishwa juu ya matairi chakavu ikisubiri kupandishwa. Bodi ni ya baba, injini ni ya mtoto. Kazi hiyo ina utaratibu wake, miiko yake na adabu zake, na kwa maoni yangu inastahili kuhesabiwa miongoni mwa mila zetu kama zinavyohesabiwa ngoma na harusi.

Tuanze na gari lenyewe. Namba 109 ni umbali kwa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Land Rover za aina hiyo ziliundwa Solihull, Uingereza. Toleo la Series II lilitoka mwaka 1958, na la Series III liliundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Huku kwetu ziliendeshwa na serikali, misheni, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wa kahawa. Wakulima wa Bukoba walikuwa wameunda chama chao cha ushirika mwaka 1950, ambacho leo tunakijua kama KCU, na fedha ya kahawa ndiyo iliyosomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati. Mwenye bahati na bidii zaidi alinunua gari.

Gari hilo halikuwa la mtu mmoja. Lilibeba magunia ya kahawa na mikungu ya ndizi, lakini pia lilibeba posa, maharusi, na mgonjwa aliyekimbizwa hospitali ya Ndolage au Rubya usiku wa mvua. Mhaya akifia mbali hurudishwa kuzikwa kibanjani kwao, na mara nyingi safari ya mwisho ya barabara ya udongo ilikuwa ndani ya Land Rover ya jirani. Gari lililofanya kazi hizo huwa na jina kijijini. Watu hulitambua kwa mlio kabla halijatokeza kwenye kona. Kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ni kama kuuza sehemu ya historia ya ukoo, na wazee hulisema hilo waziwazi.

Lakini chuma huchoka. Injini ya petroli iliyokuja na 109 nyingi ilikuwa ya silinda nne, ujazo wa lita 2.25. Ni injini ngumu na ya uaminifu, ila inakunywa mafuta sana kwa kazi inayofanya, na spea zake halisi zimekuwa adimu. Fundi anaweza kuifumua mara ya kwanza na ya pili, achonge silinda, abadili pistoni na ringi. Inafika siku anamwambia mwenye gari ukweli. Mazungumzo hayo nimeyasikia zaidi ya mara moja, na huwa hivi:

"Waitu mzee, injini hii imekufikisha. Nikiifungua tena nitakula hela yako bure."

"Mwanangu, gari hili ndilo lililomleta mama yako nyumbani. Unataka nilitupe?"

"Halitupwi, tata. Tunalivisha injini nyingine."

Hapo ndipo desturi inapoanza. Fundi mwenye busara hagusi gari la urithi kwa neno la mtu mmoja. Kama mwenyewe amefariki, atauliza msika ni nani, yaani mrithi aliyekalishwa kwenye nafasi ya marehemu, na kama ndugu wengine wamekubali. Sababu yake ni ya maana. Kubadili injini kunahitaji fedha nyingi, na mwenye kuchangia fedha hatakosa kudai sehemu ya gari. Mambo hayo yakisemwa mapema, mbele ya mtu mzima mmoja au wawili, gari linarudi nyumbani bila kesi. Yakiachwa, fundi hujikuta shahidi kwenye ugomvi wa ukoo.

Kisha huanza safari ya kutafuta injini. Watu wa Bukoba wana njia mbili. Ya kwanza inaelekea kaskazini: Kyaka, Mutukula mpakani, hadi Kampala, kwenye soko la Kisekka linalojulikana Uganda nzima kwa spea za magari zilizotumika. Ya pili inaelekea Dar es Salaam, zinakoshushwa injini za mitumba kutoka Japani. Inayopendwa sana kwa Land Rover ni Toyota 3L, dizeli ya lita 2.8, kwa sababu ndiyo iliyosukuma Hiace na Hilux kwa miaka mingi. Gasketi yake, nozeli zake na mikanda yake havimsumbui mtu kuvipata. Anayebeba mizigo mizito hutamani 1HZ, silinda sita, lita 4.2, iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990. Ni injini isiyo na kompyuta, na fundi anayeisikiliza vizuri anaweza kujua ugonjwa wake kwa sikio.

Ni ada mteja kumchukua fundi wake katika safari hiyo na kumlipia nauli na chakula. Fundi hufungua mfuniko wa oili na kupitisha kidole ndani: ukikuta uji mweupe, maji yameingia kwenye oili, ondoka. Huizungusha injini kwa spana kwenye puli ya mbele ili asikie kama kuna mahali inakwama. Mwisho husoma namba iliyogongwa kwenye bloku na kuilinganisha na karatasi za muuzaji. Injini isiyo na karatasi haivuki Mutukula kwa amani, na ikivuka itamtesa mwenye gari baadaye.

Kazi yenyewe ina sehemu moja inayotenganisha fundi na mbabaishaji, nayo ni kuunganisha injini ya Toyota na giaboksi ya Land Rover. Matundu ya bolti hayalingani. Kwa hiyo hukatwa bamba nene la chuma, likatobolewa safu moja ya matundu kwa ajili ya injini na nyingine kwa ajili ya giaboksi, na katikati likakerezwa duara kubwa. Bamba hilo hupelekwa kwa mwenye mashine ya kukerezea vyuma, naye hulipima kwa kalipa mara nyingi kabla ya kulikata mara moja. Shafti ya giaboksi lazima iingie katikati kabisa ya mwisho wa kranki. Ikienda pembeni hata kwa kipimo kidogo ambacho jicho halikioni, gari litawaka na kutembea, na kila mtu atashangilia. Baada ya wiki chache beringi itaanza kulia na klachi itashindwa kuachia. Nimemwona fundi mzee akiingiza shafti ile kwa mkono, polepole, macho ameyafumba, akiizungusha nyuzi chache kulia na kushoto. Ilipogoma hakuisukuma. Aliitoa, akapaka grisi kwenye bamba ili aone linagusa wapi, kisha akaomba tupa.

Baada ya hapo mambo mengine hufuata. Mikono ya kushikilia injini huchomelewa kwenye chasisi na kuwekewa mpira ili mtetemo usiitafune bodi. Rejeta hubadilishwa au kuongezwa. Tenki na mipira ya petroli huoshwa kwa ajili ya dizeli. Kama breki zina kisaidizi cha kunyonya hewa, kinahitaji pampu yake, maana dizeli haivuti hewa kama petroli inavyofanya. Bahati nzuri Toyota nyingi za dizeli zina pampu hiyo nyuma ya altaneta. Na mteja huonywa mapema: shafti za nyuma za 109 hazikuundwa kwa nguvu hii, usiachie klachi kwa pupa ukiwa na mzigo.

Vijana hujifunza haya yote kwa kukaa miguuni pa fundi. Mzazi au mjomba ndiye humleta kijana na kumkabidhi kwa maneno ya heshima. Kijana huanza kwa kuosha vyuma na kupanga bolti kwenye makopo kwa mpangilio zilivyotoka. Anamwamkia kila mteja, hajibizani na mkubwa, na hawashi injini ambayo fundi mkuu hajaikagua oili na maji. Spana iliyoazimwa hurudi mahali pake kabla jua halijatua. Siku atakayoruhusiwa kufunga silinda hedi peke yake, kwa zamu na kwa nguvu sawa katika kila bolti, wenzake wanajua kwamba amekuwa fundi.

Utaratibu huu una mizizi mirefu. Mkoa wetu wa Kagera ni moja ya sehemu za Afrika zenye historia kubwa ya kuyeyusha chuma. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao kuhusu wafua chuma wa Kihaya. Wazee waliojenga tanuru upya mbele yao waliingiza mirija ya udongo hadi ndani ya moto, na watafiti wakaeleza kwamba hewa ya mivukuto ilipata joto humo kabla ya kufikia mkaa. Shimo la chini lilijazwa nyasi za kinamasi zilizounguzwa, nazo zikachangia kaboni iliyofanya chuma kuwa cha pua. Mabaki ya tanuru yaliyofukuliwa huku kwetu yanarudi nyuma takriban miaka 2,000. Na wahesi wale, yaani wafua chuma, walikuwa na miiko mikali: wakati wa kuyeyusha walijitenga na wake zao, na si kila mtu aliruhusiwa kulikaribia tanuru. Miiko ya kale imekwisha, na leo mabinti nao wanajifunza ufundi wa magari. Nidhamu ya kutofanya mzaha na moto na chuma ndiyo iliyobaki.

Siku ya kuwasha, ndugu wa mwenye gari hufika. Fundi hutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli, anapiga stata, moshi mweupe unatoka, halafu mlio unatulia. Hakuna anayepeana mkono bado. Gari hupelekwa barabara ya Muleba hadi Kemondo na kurudi, lipande vilima na lishuke, kisha boneti hufunguliwa ili kukagua uvujaji. Likirudi salama, malipo ya mwisho hufanyika, na mwenye adabu zake haji mikono mitupu. Kahawa ya kutafuna, ile tunayomkaribishia mgeni nyumbani, hutolewa kwanza; anayekunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, naye hakosi. Injini ya zamani hurudishwa kwa mwenyewe. Ni mali yake, na fundi anayeiuza kimyakimya huharibu jina lake mji mzima.

Wapo wanaosema gari likishabadilishwa injini si lile tena. Mimi nawaambia waangalie kibanja: mgomba uliozaa hukatwa, chipukizi hushika nafasi, na hakuna aliyewahi kusema kibanja kimekuwa cha mtu mwingine. Tena watu wa Bukoba wana ushahidi mkubwa zaidi ziwani. Meli ya MV Victoria ilianza kazi mwaka 1961, ikasimama mwaka 2014, kisha ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kuwekewa injini mpya. Agosti 2020 ilirudi kwenye safari ya Mwanza na Bukoba kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na mwendo wa kasi kuliko zamani. Ganda ni lile lile lililowabeba babu zetu, na abiria wanapanda kwa imani.

Marekani nako wapo wanaotoa injini za zamani kwenye Camaro na Chevelle za miaka ya sitini na kufunga za kisasa za General Motors, hasa zile za ukoo wa LS zilizoanza na Corvette ya 1997. Wao hutafuta kasi na raha, na si vibaya. Huku Hamugembe tunatafuta gari liendelee kuhudumia watu liliowazoea.

Kwa hiyo nina maneno kwa pande mbili. Kwa wenye magari: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini, peleka gari likaguliwe na taarifa zirekebishwe mamlaka ya mapato, TRA, na breki zipewe fedha kama ilivyopewa injini, kwa sababu gari lenye nguvu mpya na breki za zamani litaua. Kwa mafundi: ujuzi wenu usiishie kwenye vidole vyenu. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani, na tangu mwaka 2022 mkoa wetu una chuo kikubwa cha VETA pale Burugo. Nendeni mkapimwe, mpate vyeti, na mkawafundishe walimu wa huko mambo ambayo vitabu vyao havina. Michoro ya mabamba mliyokereza iwekwe kwenye daftari, si kwenye kumbukumbu tu. Wahesi wa kale walikaribia kuondoka na siri ya tanuru, na ilibidi wazee wachache waijenge upya kwa kukumbuka. Tusisubiri hali hiyo itufike tena.