Nyumba ya Wasafiri Mjini Cairo

Neno «wakala» twalijua sote: ndiye mtu auzaye mali kwa niaba ya mwenzake. Lakini huko Cairo, katika nchi ya Misri, neno hilo lilikuwa pia jina la nyumba. Ndani ya ukuta mmoja palikuwa na ghala, soko na malazi ya wageni. Mojawapo ya nyumba hizo ingali imesimama vema karibu na msikiti wa Al-Azhar, nayo yaitwa Wakala ya Al-Ghuri.

JINSI ILIVYOPANGWA

Sultani Qansuh al-Ghuri aliijenga kati ya mwaka 1504 na 1505. Ukiisha kupita lango lake refu, waingia katika ua ulio wazi, wenye birika la maji katikati. Ua huo wazungukwa na orofa tano. Mbili za chini ziliwekwa bidhaa. Tatu za juu zilikuwa makao, tena yalipangwa kwa akili: kila mpangaji alipewa vyumba vilivyopandana, kimoja juu ya kingine, mfano wa nyumba ndogo iliyosimama wima. Madirisha yana kimia cha mbao, ili upepo uingie, jua kali lizuiwe, na aliye ndani aone nje pasipo kuonekana. Usiku lango lilifungwa. Hivyo mgeni alilala juu ya mali yake bila kuogopa wezi.

SULTANI ALIPOTEA, NYUMBA IKABAKI

Nyumba hiyo iliwekwa wakfu: kodi yake ilitunza msikiti, chuo na kaburi ambavyo sultani alivijenga jirani. Lakini nyakati zilikuwa zikigeuka. Mwaka 1498 Vasco da Gama alikuwa amekwisha kupita Mombasa na Malindi akafika Bara Hindi, na Wareno wakaanza kuchukua viungo kwa njia yao ya bahari. Mwaka 1509 waliwashinda Wamisri na wenzao katika vita vya merikebu huko Diu. Mwaka 1516 sultani mwenyewe alikufa akipigana na Waturuki karibu na Aleppo. Maiti yake haikuonekana, na kaburi alilojiandalia halikumpokea.

Wakala nyingine nyingi za Cairo zimebomoka. Hii ilipona kwa sababu watu waliitengeneza, tena wakaipa kazi mpya: leo ni nyumba ya sanaa, na katika ua walimopakuliwa ngamia watu hukusanyika kutazama ngoma. Mwaka 1979 UNESCO iliutia mji wa kale wa Cairo katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo orodha haiezeki paa. Nyumba isiyo na mtu wala kazi huanguka upesi.

Basi, hata katika miji yetu zipo nyumba za kale za wafanyabiashara. Kabla ya kuibomoa mojawapo, na tuulize kwanza: je, haiwezi kupewa kazi nyingine?